Pumzi Inayoliwa na Vumbi: Farasi, Mzio na Chembe Sahani

Farasi mwenye afya akiwa ametulia hupumua mara 8 hadi 16 kwa dakika, tena kimyakimya. Kila pumzi huingiza takriban lita 5 za hewa. Akitimka mbio, idadi hiyo hupanda hadi 120 na zaidi kwa dakika, pumzi ikienda sambamba na hatua za miguu, na hewa yote hupita puani, kwa kuwa farasi hawezi kuhema kwa mdomo kama mbwa au binadamu. Mnyama mwenye mapafu ya namna hiyo ana akiba kubwa, na akiba hiyo ndiyo inayomponza. Anaweza kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kupumua na bado akatoka asubuhi na mpandaji wake kama kawaida. Dalili zinapokuja kuonekana wazi, mporomoko umeshakwenda mbali.

Maradhi yanayokula akiba hiyo ni pumu ya farasi. Huanza kwa kikohozi cha hapa na pale, hasa wakati wa kulishwa au mwanzoni mwa mazoezi, na wafugaji wengi hukihesabu kuwa jambo la kawaida la bandani. Miaka hupita. Kisha unafika msimu ambao farasi amesimama tu, hafanyi kazi yoyote, lakini matundu ya pua yametanuka, na mwisho wa kila pumzi tumbo linasukuma mara ya pili ili kuitoa hewa iliyonasa ndani. Kutoa hewa ndiko kunakomtesha kuliko kuivuta. Misuli ya tumbo ikifanya kazi hiyo kwa muda mrefu hujaa hata ikachora mfuo chini ya mbavu, na mnunuzi mzoefu huutafuta mfuo huo kwa macho kabla hajauliza bei.

Si maradhi mapya. Mwaka 1698 daktari Mwingereza John Floyer, ambaye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa pumu, alichapisha kitabu juu ya maradhi hayo, na humo akaeleza habari za farasi jike aliyekuwa amekatika pumzi ambaye mwili wake ulipasuliwa. Aliyaona mapafu yamevimba kwa hewa isiyotoka. Zaidi ya miaka 300 baadaye, mganga wa mifugo akiweka kipimo cha kusikilizia kifuani mwa farasi wa namna hiyo husikia miluzi ileile ambayo Floyer alikuwa nayo kifuani mwake.

Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 wataalamu waliupa ugonjwa huu jina moja na ule wa mapafu ya wavutaji sigara. Mwaka 2000 kikao cha kimataifa kilichofanyika katika Chuo Kikuu cha Michigan State kililiacha jina hilo, na tangu mwaka 2016 neno pumu ndilo linalotawala. Sababu ni ya kitabibu. Mapafu ya mvutaji sigara yameharibika na hayarudi. Mirija ya hewa ya farasi, angalau katika miaka ya mwanzo, hurudi. Sindano ya atropini huifungua kwa dakika chache. Mtoe farasi bandani, mpeleke malishoni, na baada ya wiki kadhaa anaweza kuonekana mzima. Mrudishe bandani, na siku chache zinatosha kumrudisha alikokuwa. Uwezo huu wa kwenda na kurudi ndio unaowadanganya watu, kwa sababu kila safari ya kurudi huishia chini kidogo ya pale ilipoanzia.

Kinachomwangusha ni nyasi kavu. Katika nchi za baridi majani hukatwa kiangazi, hukaushwa shambani, hufungwa marobota na kuwekwa ghalani kwa ajili ya majira ya baridi. Mvua ikimwahi mkulima, au akifunga robota kabla nyasi hazijakauka sawasawa, unyevu uliobaki hulifanya robota lipate joto lenyewe kwa ndani, na humo hustawi kuvu kama Aspergillus fumigatus na bakteria wapenda joto kama Saccharopolyspora rectivirgula. Bakteria huyo ndiye pia anayewaletea binadamu ugonjwa uitwao mapafu ya mkulima, unaowapata wanaoshughulika na nyasi zilizooza. Lakini mkulima hushika robota kwa muda mfupi akaondoka. Farasi huingiza pua ndani yake kwa saa nyingi kila siku. Wapimaji wamegundua kwamba vumbi lililo mbele ya pua ya farasi anayekula laweza kuwa mara nyingi zaidi ya lile lililo katikati ya banda hilohilo, kwa hiyo banda safi lenye madirisha mapana haliwi kinga yenyewe.

Nchini Uingereza uchunguzi uliotegemea majibu ya wenye farasi ulikadiria kwamba takriban farasi 14 kati ya 100 wana maradhi haya kwa kiwango fulani. Idadi hiyo haikutoka kwa wanyama waliotupwa na kusahauliwa. Wengi wao ni farasi wanaopendwa, wanaopigwa brashi kila siku na kuvishwa blanketi usiku, na kufungiwa ndani sehemu kubwa ya siku kwa sababu nje kuna baridi na tope na ardhi ya malisho ni ghali. Mnyama aliyeumbiwa kutembea uwandani akila majani mabichi amepewa chumba, na chumba hicho ndicho kinachomuua polepole. Nasema hivi bila nia ya kumlaumu mfugaji mmoja mmoja. Lakini ni vigumu kuutazama ugonjwa huu kwa muda mrefu bila kuona kwamba chanzo chake kikubwa ni namna tunavyomweka mnyama na kuhifadhi chakula chake.

Kuna urithi pia. Huko Uswisi, ambako koo za farasi zimefuatiliwa kwa makini, mtoto mwenye mzazi mmoja mgonjwa alionekana kuwa na hatari ya kuugua iliyozidi ya wengine kwa mara tatu hivi, na mwenye wazazi wote wawili wagonjwa karibu mara tano. Ndiyo maana katika banda moja, wakila robota moja, mmoja hutweta na jirani yake asikohoe hata mara moja.

Ndani ya mapafu mambo huenda kwa kasi kuliko nje. Saa chache tu baada ya farasi mwenye mzio kuvuta vumbi la nyasi, chembe nyeupe za damu ziitwazo neutrofili huanza kumiminika kwenye mirija ya hewa. Mapafu ya farasi mzima yakisafishwa kwa maji ya chumvi na maji hayo yakatazamwa kwa hadubini, neutrofili huwa chini ya asilimia 5 au karibu na hapo. Kwa mgonjwa wa pumu kali huzidi asilimia 25. Misuli laini inayozunguka mirija hukaza, makohozi mazito hujaa, na kuta huvimba. Hapa pumu ya farasi huachana kidogo na pumu ya binadamu iliyozoeleka, ambayo chembe zake kuu mara nyingi ni za aina nyingine, yaani eosinofili.

Swali lililowashughulisha watafiti kwa miaka mingi ni hili: neutrofili iko ndani ya mshipa, inakwenda na mkondo wa damu, na vumbi liko upande wa pili wa ukuta. Nani anayeisimamisha na kuionyesha njia ya kutokea? Majibu ni kadhaa, na mojawapo ni chembe sahani.

Tumezoea kuzijua chembe sahani kama wafunga vidonda. Ukijikata kidole, ndizo za kwanza kufika, hushikana, na damu hukoma. Hazina kiini, ni vipande vilivyomeguka kutoka chembe kubwa sana za uboho. Mwaka 2017 uchunguzi uliofanywa kwa panya huko California ulionyesha kwamba takriban nusu ya chembe sahani zao humegukia ndani ya mapafu yenyewe, jambo linalomfanya mtu ajiulize kama uhusiano wa chembe hizi na pumzi ni wa bahati tu. Zimejaa vifuko vya kemikali: serotonini, inayoweza kukaza misuli, protini zinazoita chembe nyeupe, vichocheo vya ukuaji wa misuli na makovu. Na juu ya ngozi yake, chembe sahani ikishtuliwa, hutokeza protini yenye kunata iitwayo P-selektini, ambayo neutrofili huishika.

Kwamba chembe hizi zinahusika na mzio kulidokezwa mapema kutoka upande ambao msomaji wa Afrika Mashariki hakuutarajia. Mwaka 1983 watafiti wa Lille, Ufaransa, akiwemo André Capron, walionyesha kwamba chembe sahani zikibeba kingamwili ya IgE zinaweza kuua viluwiluwi vya minyoo ya kichocho. IgE ni kingamwili hiyohiyo inayohusika na pumu ya mzio na kupiga chafya kwa sababu ya chavua. Basi chembe iliyodhaniwa kuwa ya kuziba matundu tu ilikuwa na silaha ya kupigana na minyoo, na silaha ya namna hiyo inaweza kumgeukia mwenyewe.

Miaka kumi na moja kabla ya hapo, mwaka 1972, Jacques Benveniste na wenzake walikuwa wameeleza juu ya kemikali inayotolewa na chembe nyeupe za sungura na kuzifanya chembe sahani zishikane. Waliipa jina linaloeleza kazi hiyo, na kwa Kiingereza hufupishwa PAF. Miaka ya 1980 ilikuwa miaka yake. Ilikaza mirija ya hewa ya wanyama wa maabara, iliita chembe nyeupe, ilivujisha mishipa; kila alama ya pumu ilionekana kuwa na mkono wake. Kampuni za dawa zilitengeneza vizuizi vya PAF kimoja baada ya kingine. Kisha miaka ya 1990 wagonjwa wa pumu wakapewa vizuizi hivyo, na havikuwasaidia vya kutosha. Fedha zikaondoka, na watafiti nao wakaondoka.

Nadhani hapa ndipo makosa ya kweli yalifanyika, na hayakuwa ya maabara. Kilichoshindwa kilikuwa ni kizuizi cha kemikali moja kati ya nyingi zinazoweza kuiamsha chembe sahani. Lakini chembe yenyewe ilitupwa pamoja nayo, hukumu ya samaki mmoja akioza wote wameoza. Kwa muda wa miaka kadhaa, kusema kwamba chembe sahani zina jambo katika pumu ilikuwa ni kujitafutia sifa ya mtu aliyeachwa na wakati.

Wachache hawakuacha. Katika King's College London, Clive Page na Simon Pitchford walichukua panya wenye mzio wakawaondolea chembe sahani. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2003 yalionyesha kwamba bila chembe hizo, chembe nyeupe hazikuweza kuingia mapafuni kama kawaida. Ukizirudisha, mlango unafunguka tena, na zirudishwazo zikikosa P-selektini, haufunguki vizuri. Mwaka 2004 walionyesha kitu ambacho kwa maoni yangu kina uzito zaidi kwa habari hii ya farasi: kwa panya walioshambuliwa na mzio tena na tena, kuondoa chembe sahani kulizuia kuta za mirija zisinenepe na kugeuka umbo. Maana yake ni kwamba chembe sahani zaweza kuwa miongoni mwa wale wanaoyageuza mashambulizi yanayopita kuwa uharibifu unaobaki.

Farasi alikuwa mnyama wa kumwuliza swali hilo. Panya hapati pumu mwenyewe. Lazima apandikiziwe mzio. Farasi huupata bila msaada wa mtu, kwa vumbi lilelile la kila siku, na hukaa nao miaka mingi kama binadamu. Watafiti wa Royal Veterinary College, London, wakishirikiana na Page, walichapisha mwaka 2007 uchunguzi wao juu ya poni wenye uvimbe wa njia za hewa, wakieleza dalili za kuamka kwa chembe sahani. Lilikuwa jambo la maana, ila halikufungua mafuriko ya tafiti. Kuna sababu za kitaalamu na kuna sababu za fedha.

Za kitaalamu ni za kuchosha. Chembe sahani za farasi ni ndogo na ni chache kuliko za binadamu, takriban 100,000 hadi 350,000 kwa kila mikrolita ya damu, na hushika rangi hafifu sana kwenye kioo cha hadubini. Damu ikiwekwa katika chupa ya kawaida ya kupimia, ile yenye kizuia damu kuganda kiitwacho EDTA, chembe hizo zaweza kushikana humo ndani, na mashine ikasema mnyama anazo chache ilhali anazo tele. Lenye kero zaidi ni kwamba chembe sahani huamka kwa kuguswa. Sindano isiyoingia mshipani vizuri, mkono uliotikisa chupa, kusubiri kupita kiasi, yote haya huziamsha, na mtafiti anayetafuta dalili za kuamka huzikuta alizozisababisha mwenyewe. Tena huwezi kumwondolea mnyama wa kilo 500 chembe sahani zake ukatumaini hatavuja damu.

Kisha kuna ukaidi wa farasi mbele ya dawa. Aspirini humzuia asitengeneze thromboksani, moja ya kemikali ambazo chembe sahani hutegemea kwa binadamu, lakini chembe za farasi bado hushikana vizuri tu zikichokozwa na PAF. Michigan, mwishoni mwa miaka ya 1980, poni wagonjwa walipewa flunixin, dawa ya maumivu inayojulikana katika kila banda la farasi. Dawa ilifanya kazi yake ya kikemikali, ila mirija haikufunguka. Aliyetaka kidonge rahisi cha kuzituliza chembe sahani hakupata pa kuanzia.

Za fedha hazisemwi sana. Nchini Uingereza sehemu ya utafiti wa magonjwa ya farasi hulipiwa na bodi iliyoanzishwa mwaka 1961 kukusanya tozo kutoka kwa wachezesha kamari za mbio. Ni haki kwamba fedha za mbio zitazame farasi wa mbio, na farasi wa mbio ni kijana wa miaka miwili, mitatu, minne. Matatizo yake ni mifupa, mafua, pumu ndogo ya ujanani. Pumu kali humpata farasi aliyepita miaka saba, yule wa kupandwa na familia, ambaye hakuna anayemwekea dau. Na hata taasisi zilizosimama imara zimeyumba. Animal Health Trust, iliyoanzishwa mwaka 1942 na kufanya kazi zake karibu na Newmarket, penye moyo wa mbio za Uingereza, ilifunga milango mwezi Julai mwaka 2020 kwa kukosa fedha. Haikuwa kituo cha chembe sahani, lakini kufungwa kwake kunaonyesha jinsi msingi wa kazi zote za namna hii ulivyo mwembamba.

Wakati huohuo uharibifu wenyewe umepimwa vizuri zaidi kuliko sababu zake. Huko Quebec, katika Chuo Kikuu cha Montréal, kundi la Jean-Pierre Lavoie limeonyesha kwamba misuli laini inayozunguka mirija ya hewa ya farasi mgonjwa huongezeka sana, na mirija hiyo, hata ikilegea, hubaki na ukuta mnene. Mwaka 2012 walichapisha matokeo ya farasi waliofuatiliwa mwaka mzima: wengine waliwekwa mbali na vumbi, wengine walipewa dawa za jamii ya kotikosteroidi. Kwa njia zote mbili misuli ilipungua kwa takriban asilimia 30, dawa ikitangulia na usafi ukifuata nyuma. Ilipungua hadi hapo. Mwaka mzima wa matunzo ambayo mabanda mengi hayawezi kuyatoa ulirudisha chini ya theluthi moja. Kilichobaki ndicho kinachomfanya farasi wa miaka kumi na mitano atwete kwa kiasi kidogo cha vumbi ambacho miaka kumi kabla yake kingempa kikohozi tu.

Dawa hizohizo zina sura ya pili. Kotikosteroidi humfungua farasi kifua hata akiwa bado anakula nyasi zilezile za vumbi, lakini neutrofili ndani ya mirija haziondoki kwa kadiri hiyo maadamu vumbi lipo. Mfugaji huona tumbo limetulia na pua zimerudi kawaida, na haoni sababu ya kugharimia mabadiliko ya banda. Tangu mwaka 2020 Ulaya imeruhusu dawa ya kuvuta iliyotengenezwa mahsusi kwa farasi, yenye ciclesonide, inayopunguza hatari ya dozi kubwa za sindano na vidonge, ikiwemo ugonjwa wa kwato. Ni hatua njema. Inaweza pia kurefusha muda ambao farasi anaishi ndani ya chanzo cha maradhi yake akionekana mzima.

Njia zinazofanya kazi zinajulikana na hazina fahari yoyote: nyasi zilizolowekwa au kupitishwa kwenye mvuke, majani yaliyovundikwa ndani ya plastiki badala ya kukaushwa, tandiko lisilo na vumbi, na juu ya yote kukaa nje usiku na mchana, mvua na jua. Hata hapo kuna wasiosaidika, kwani kusini mashariki mwa Marekani wapo farasi ambao pumu yao huamka malishoni wakati wa joto na hulegea wakirudishwa ndani. Kwa wengine wote kikwazo ni utaratibu. Farasi mmoja akibadilishiwa chakula na jirani yake akaendelea kurushiwa nyasi kavu upande wa pili wa ubao, vumbi huvuka. Kwa hiyo banda zima libadilike, jambo linalowahitaji wenye farasi kumi wakubaliane kwa ajili ya mgonjwa mmoja, na mara nyingi hawakubaliani. Mwenye mgonjwa huamua kuuza. Huuza kiangazi, farasi akiwa malishoni, kifua kikavu, mfuo wa ubavuni umefichwa na unene wa majani mabichi, na mnunuzi humpeleka nyumbani kwenye banda jipya kabla ya baridi kuanza.